Koleo la Siku ya Idi

Mwezi uliopita nilialikwa chakula cha mchana mtaani Gihosha, nyumbani kwa binti ya Mama Feza. Nilipofungua geti sikumwona mtu mwingine ila Mama Feza mwenyewe, ameketi barazani kwenye kiti cha plastiki, miguu ndani ya soksi za sufu ingawa jua lilikuwa kali, akichambua lengalenga. Tulikuwa hatujaonana miaka mingi. Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa, kama alivyokuwa akimtazama kila aliyeingia katika zahanati yake, kisha akasema, "Hamisi. Umezeeka mbio. Ungali unauliza-uliza batu?" Nikamjibu kwamba bado nauliza. "Basi vuta kiti, nisaidie mboga." Tulikula samaki wa mukeke wa kukaanga, wali, na maharage ya mawese, tukazungumza mpaka binti yake akaondoa sahani zote na kutuachia vikombe tu. Nilipoaga, akanishika mkono. Alisema wauguzi wa siku hizi wana vifaa vizuri na simu zinazojua kila kitu, lakini mtoto akilia wanamwangalia kama mashine iliyoharibika. "Andika ule mwaka wetu," akasema. "Majina ya batoto tu, ubadirishe." Nimeyabadilisha.

Nilikuwa na miaka ishirini, mwaka wangu wa mwisho katika shule ya uuguzi. Shule ilikuwa imenipeleka kufanya mazoezi katika hospitali moja kubwa, na hospitali ikanirudisha kabla muhula haujaisha. Kosa langu lilikuwa mdomo. Niliwauliza wagonjwa maswali ambayo hayakuwa ya kitabibu: nani alikuwepo, alisema nini, mlango ulikuwa wazi au umefungwa. Daktari mmoja alilalamika kwamba nikitumwa kupima joto narudi na hadithi. Mkuu wa shule akaniambia imebaki nafasi moja, zahanati ndogo ya Buyenzi, mtaa nilikozaliwa, na kwamba muuguzi mkuu wa pale ndiye angesema mwishoni kama naendelea au naacha. Akinikataa na yeye, basi, nitafute kazi nyingine. Asubuhi ya kwanza Mama Feza alinieleza jambo hilohilo kwa Kiswahili chake cha Uvira, ng'ambo ya mpaka, bila kupamba. "Hapa hatuna wino ya kuandika sana. Mi nitakuangalia. Kama unafaa, nitasema unafaa. Kama haufai, utajua mbele ya wengine."

Zahanati ilikuwa na vyumba viwili na jiko. Chumba cha mbele kilikuwa na mabenchi, na ukutani picha ya mama akinyonyesha iliyofifia mpaka mtoto akaonekana kama furushi. Chumba cha pili ndicho cha tiba: kitanda kimoja chenye mpira wa kijani, kabati la vioo, sinki pembeni, na dirisha lililopakwa rangi nyeupe nusu ya chini ili wapita njia wasichungulie. Nyuma kulikuwa na jiko, mabati matatu juu ya nguzo, mbabula ya makaa, na sufuria ambayo asubuhi ilichemsha vyombo vya tiba na sufuria nyingine, ole wako uzichanganye, ambayo mchana ilipika ugali na ndagala, dagaa wa kwetu. Mama Feza alikuwa na sheria kuhusu vyumba hivyo. Katika chumba cha tiba hakuna anayecheka, hata kama mgonjwa mwenyewe anacheka. Kicheko kilikuwa na mahali pake, napo ni jikoni, mlango ukiwa umefungwa, na hata huko jina la mgonjwa halikutajwa. Siku za kwanza niliiona sheria hiyo kama ya watawa. Baadaye ikaja Idi.

Asubuhi ya Idi ya mfunguo, watu wakiwa bado uwanjani wanamalizia swala, nilisikia kelele zikishuka barabarani. Baba mmoja aliyevaa koti jipya aliingia amembeba mtoto wa miaka saba hivi, nyuma yake bibi wa mtoto, na nyuma ya bibi nusu ya mtaa. Mbele ya kanzu nyeupe ya mtoto kulikuwa na doa kubwa jekundu, na wanawake walikuwa wakilia kwamba damu imekwisha mwilini. Mtoto, ambaye hapa nitamwita Yasini, hakulia. Hakuweza, kwa sababu alikuwa ameuma pindo la kanzu kwa meno na hakutaka kuliachia. Mama Feza aligusa doa kwa kidole, akakinusa. "Mawese," akasema. Bibi akajitetea: "Nimempaka mimi, mwanangu. Ile fermeture imemukamata pahali pake pa mwanamume, nikasema mafuta itateremusha." Huku kwetu zipu huitwa fermeture, na kila mtu aliyekuwa kwenye mabenchi akaelewa papo hapo, na nikaona mabega ya wanaume wawili yakianza kutikisika. Mama Feza akawatazama. Mabega yakatulia.

Alituingiza chumba cha tiba na kuwatoa wote isipokuwa bibi. Baba alikataa kutoka. Alikuwa amekwisha kujaribu kuivuta zipu chini mara moja, na sauti aliyoitoa mtoto ilikuwa bado masikioni mwake. Hofu yake akaigeuza hasira. "Mama, huyu hajatahiriwa. Tulikuwa tunangoja likizo. Kwa kuwa iko hapa, kata tu, tumalize yote siku moja." Mtoto aliposikia neno hilo akafumba macho. Mama Feza hakupandisha sauti. "Baba Yasini, ngozi imevimba. Mutu hatahiri pahali pamevimba, hata fundi mukubwa. Utangoja likizo yako. Leo kinachokatwa ni chuma." Kisha akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto. "Umesikia? Mukasi haikugusi wewe. Nakata fermeture." Yasini hakumwamini hata kidogo. Alishika suruali kwa mikono miwili na kujikunja kama konokono.

Hapo nilifanya kile kilichonifukuzisha hospitalini. Nilimuuliza swali. Nilimuuliza kanzu hii imeshonwa na nani, maana kola yake ilikuwa na uzi wa dhahabu. Aliniangalia, akafikiri, na ili anijibu ikabidi aachie pindo. "Baba mudogo," akasema. Na baba mdogo anashona wapi? Na leo wanakwenda kwa nani kwanza, kwa bibi au kwa shangazi? Na kwa shangazi kuna nini? Kwa shangazi kulikuwa na pilau, na juisi ya matunda, na binamu mmoja mchoyo ambaye Yasini alinieleza makosa yake yote kwa utaratibu. Mama Feza alikuwa ameshaanza kazi. Alipangusa, akaangalia kwa makini ngozi imebanwa wapi, maana hilo ndilo linaloamua kila kitu. Ikiwa imeshikwa na meno peke yake, na kile kidude kinachopanda na kushuka kimekwisha kupita, basi unakata kitambaa cha zipu chini yake na meno yanaachana yenyewe. Lakini ikiwa imeshikwa ndani ya kidude chenyewe, kama ya Yasini, usivute juu wala chini, maana kila mvuto unauma upya. Unatia mafuta, unangoja kidogo, unajaribu taratibu. Ikikataa, unachukua koleo. Kidude kina vibati viwili, cha mbele na cha nyuma, na kinachoviunganisha ni kidaraja kidogo juu yake. Ukikata kidaraja, vibati vinaanguka kila kimoja upande wake na zipu inafunguka kama mlango usio na bawaba. Sindano ya ganzi ilikuwepo kabatini, lakini Mama Feza alisema kumchoma mtoto sindano mahali pale ni kuanzisha vita ya pili, na aliiweka kwa ajili ya siku ambayo njia nyingine zote zimeshindwa.

Koleo lenyewe lilikuwa la gereji. Makanika mmoja wa jirani alimpa baada ya kushonwa kidole, na lilichemshwa pamoja na mikasi kila asubuhi, siku ya kazi na siku ya sikukuu. Nilimsikia Yasini akifika kwenye kosa la tatu la binamu yake, kisha nikasikia *tak*, sauti ndogo kama ya mtu anayevunja njugu. Bibi alisema "Bismillahi" wakati kazi imekwisha. Yasini aliangalia chini, akajihesabu, akaona yuko mzima. Kisha akauliza kwa uchungu wa kweli, "Na suruali yangu?" Baba yake akakaa kwenye sakafu, koti jipya na yote, akaanza kucheka na kulia pamoja, na Mama Feza akamwonyesha mlango wa jiko.

Nilidhani nitapongezwa. Mchana, tukila, alinisogezea ndagala akasema, "We unaongea kama radio. Leo imesaidia. Kesho itanichosha." Basi. Lakini Idi hiyo walikuja watoto wengine, mmoja kesho yake pia, na baadaye mmoja mwanzo wa shule, na wote niliwauliza. Sikuweza kujizuia. Mama Feza alitaka kujua wapi panauma, mimi nilitaka kujua kilitangulia nini. Ulianza kuvaa nini? Ulikuwa umesimama wapi? Nani alikuita? Watoto wa Idi wote walinipa jibu lilelile, na nilipolisikia mara ya tatu nilihisi aibu kwamba sikuwa nimeligundua mwenyewe, kwa kuwa mimi pia nilikuwa mtoto wa Buyenzi na nilifanya hivyo kila mwaka. Mtoto amekwisha kuvishwa: suruali mpya ngumu, kanzu juu yake, kofia. Baba amekwisha kumkagua. Mlangoni mama anakumbuka na kusema, nenda chooni kwanza, uwanjani hakuna choo. Chooni mtoto ana mikono miwili tu, na kanzu haitakiwi kuchafuka, kwa hiyo analikunja pindo na kuliuma. Sasa kitambaa chote kimejaa kifuani, haoni tumbo lake wala chini yake. Nje takbiri zinasikika na baba anaita jina lake kwa ukali. Anaivuta zipu bila kuona, kwa nguvu zote.

Nilimweleza Mama Feza jikoni, nikaigiza, pindo la koti langu likiwa mdomoni. Aliacha kupepea makaa. Yeye ni Mkristo wa Uvira, hajawahi kumvisha mtoto kanzu maishani mwake, na kwa miaka yote aliyofanya kazi Buyenzi alilaumu zipu za bei rahisi. "Kumbe shida haikuwa fermeture," akasema taratibu. "Ni meno." Siku ya chanjo, kina mama walipojaa mabenchi yote, alisimama mbele yao na kunisukuma nieleze. Nikaeleza kwamba mtoto akienda chooni avue kanzu yote, aitundike, afunge suruali akiiona, ndipo avae tena. Walicheka mpaka watoto wachanga wakaamka. Mwanamke mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Muganga, na baba zao nani awavue?" Mama Feza alijibu bila kutikisa uso, "Wale wana macho. Na kama hawana, koleo iko." Sasa, ninapowafundisha vijana wa uuguzi katika kliniki ya Kigobe, nawaambia kwamba sehemu kubwa ya tiba hii ilifanyika siku ile, kati ya wanawake wanaocheka, na hakuna aliyeshika chombo chochote.

Lakini Mama Feza alikuwa hajasema kama mimi nafaa. Mwaka ulikuwa unakwisha. Nilifagia, nilichemsha, nilifunga vidonda, na kila jioni nilirudi nyumbani nikijaribu kukumbuka kama alinitazama kwa namna fulani. Wenzangu walikuwa wamekwisha kuambiwa wanaendelea wapi. Mimi nilikuwa nimeambiwa tu nisiache mlango wa kabati wazi.

Idi ya kuchinja ilifika. Asubuhi yote ilipita bila mtoto hata mmoja. Mabenchi yalikuwa matupu, na harufu ya nyama ya kuchoma ilikuwa inaingia kwa dirisha lile la nusu nyeupe. Jikoni Mama Feza alikuwa amechangamka kama sijawahi kumwona, akipika maharage na kuimba wimbo wa kanisa. "Umeona, Hamisi? Batu banasikia." Tulikuwa tumekaa kwenye mabenchi na vikombe vya chai, ndipo Mama Zuhura, jirani yake, alipoingia kwa mlango wa mbele, anahema, amembeba mtoto wa kanzu ya bluu. Pindo lilikuwa mdomoni. "Mama Feza," akasema, "usishituke." Mtoto alikuwa mjukuu wa Mama Feza.

Nitamwita Espoir. Wale watoto wa Kikongo wa mtaani kwetu walisherehekea Idi zote pamoja na wenzao, kama vile sisi tulivyokula keki zao za Krismasi, na rafiki yake, mtoto wa Mama Zuhura, alikuwa amemwazima kanzu ili wafanane wanapopita nyumba hadi nyumba. Kina mama wa Kiislamu wote walikuwa wamesikia hotuba yetu. Hakuna aliyefikiria kumweleza Mkristo jinsi ya kwenda chooni akiwa na kanzu.

Mama Feza, ambaye nilimwona akishona vichwa vilivyopasuka huku anauliza bei ya vitunguu, alipiga kelele "Yesu wangu!" na kukimbilia jikoni. Nilikuwa nimemlaza mtoto kwenye kitanda cha tiba aliporudi na chupa ya mawese, ileile aliyokuwa anapikia maharage. Akammwagia mtoto hovyo, akachukua koleo, akaliangusha, akaliokota kutoka sakafuni na kutaka kulitumia hivyohivyo. "Usilie, usilie," alikuwa anamwambia Espoir, ambaye hakuwa analia. Aliyekuwa analia ni yeye. Koleo liligonga ukingo wa kitanda mara mbili kabla halijamfikia mtoto.

Nilielewa mambo mawili kwa pamoja. Nikinyamaza, atamgusa mtoto huyu kwa mikono ile. Nikisema, namtoa muuguzi mkuu katika chumba chake mwenyewe, mbele ya jirani yake, na neno lake moja ndilo linalobaki kati yangu na kazi hii. Nilisubiri aniangalie, nikitumaini ataona mwenyewe. Hakuniangalia. Nikamnyang'anya koleo.

"Mama," nikasema, "toka nje."

"We unasema nini?"

"Toka nje, Mama. Hapa we si muganga. We ni bibi."

Nilimshika kiwiko, nikampeleka mpaka jikoni, Mama Zuhura akatufuata, na nikafunga mlango. Kwa upande wa pili nilisikia sala kwa Kiswahili, Kifaransa na lugha ya nyumbani kwake, zote kwa wakati mmoja.

Sufuria ya vyombo ilikuwa kwenye kabati na kulikuwa na koleo la pili ndani yake, dogo zaidi, ambalo sikuwahi kulitumia. Nilinawa. Nilimpangusa mtoto mawese yaliyozidi, na nikaangalia: ngozi ilikuwa ndani ya kidude, kidogo tu, upande mmoja. Mafuta yalikuwepo ya kutosha, hilo bibi alikuwa amelishughulikia. Nikajaribu taratibu, ikakataa. "Espoir," nikasema, "mlikuwa mmefika nyumba ya nani?" Akaachia pindo. Walikuwa wamefika kwa Mzee wa duka, na kulikuwa na maini, na wakubwa walisema nyama inaisha, mkimbie. Yeye alikuwa amebanwa na mkojo tangu nyumba ya kwanza. "Na maini ulipata?" Akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza macho yakamjaa machozi. Nilimwambia mtu hawezi kukosa maini kwa sababu ya fermeture. Nikalisogeza koleo kwenye kidaraja na kubana. Liliteleza. Jasho lilikuwa linaingia jichoni na sikuwa na mkono wa kulipangusa. "Mzee wa duka ana mbuzi wangapi?" nikauliza. Alipoanza kuhesabu nilibana tena, polepole, na nikasikia chuma kinaachia. Vibati viwili vilianguka juu ya mpira wa kijani.

Kulikuwa na alama nyekundu na uvimbe mdogo. Niliosha, nikapaka dawa, na nikamletea kopo, kwa kuwa huwezi kumruhusu mtoto aende kabla hujajua kwamba njia iko wazi. Alisimama, akaangalia ukuta, hakuna kitu. Nyuma ya mlango sala zilikuwa zimekoma, najua walikuwa wametega masikio wote wawili. Nikafungua bomba la sinki kidogo ili asikie maji. Ndipo ikaanza, kwa matone, halafu kwa nguvu, kopo likilia kama mvua juu ya bati. Jikoni, sauti mbili zilisema pamoja, moja "Asante Yesu" na nyingine "Alhamdulillahi," kisha zikapasuka kicheko ambacho nadhani kilisikika mpaka sokoni.

Mama Zuhura alimfunga Espoir kitenge chake kiunoni na kumchukua akatafute maini. Nikabaki na Mama Feza. Alikaa kwenye kitanda cha wagonjwa, mahali ambapo sikuwahi kumwona amekaa, akaokota vibati viwili na kuvipima kiganjani. Nilisimama karibu na sinki. Sikuwa na swali hata moja.

"Umenifukuza katika chumba yangu," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Mbele ya Mama Zuhura."

"Ndiyo, Mama."

Alisugua mkono wake wa kulia, akavuta makamasi, akajipangusa kwa aproni. "Mwaka ujao ukinifukuza tena, usinishike kiwiko vile. Inauma. Sema tu, nitatoka."

Aliendelea kulalamika kuhusu kiwiko kwa muda. Mimi nilikuwa nimesikia "mwaka ujao", nikageukia sinki na kuanza kuosha tena koleo ambalo lilikuwa limekwisha kuwa safi.